Ngoma ya Bibi Jukwaani

Mazingara, Handeni
12 Agosti 1974

Kaka Mdoe, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Mtoto anaota meno, halafu nilikuwa nangoja hasira ipoe. Haikupoa.

Nilipokuja Tanga kwa Saba Saba ulinipeleka kwenye ukumbi wenu wa dansi. Gitaa lako lilinifurahisha, sikufichi. Kisha wakaingia wasichana, wakacheza ngoma ya mwali, ile ya ndani ambayo mwanamume haioni. Na ngoma waliyopigiwa ni ile ya bibi yetu, uliyoiazima kwangu ukasema unataka kujifunza mapigo yake. Wageni wakapiga miluzi, bia mkononi. Mmoja akamnyooshea kidole msichana mmoja, akauliza, "Huyu mnene ana mume?" Nawe ukacheka, kaka. Nilitoka nje.

Zuena, mtoto wa dada yetu, yumo ndani kama mwali, miezi mitatu sasa, na anatolewa Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Bila ngoma ile bibi hamtoi. Nimemwambia iko kwa fundi. Sitamdanganya tena.

Mpe dereva wa basi la Handeni ngoma, vijiti vyake viwili, kanga ya kuifunikia, na barua ya kumwomba bibi radhi, uiandike kwa mkono wako.

Mdogo wako,
Mwaija