Eda Nimeihesabu Mwenyewe

Shangazi,

Shikamoo. Marahaba yako siisubiri, maana nikiisubiri nitalia, na leo silii. Leo nina habari mpaka nashindwa kukaa kitako. Bakari kaja! Kaja kunirejea, na wazee wawili na doti mpya ya kanga!

Ngoja nianze vizuri, usije ukanigombeza huko uliko.

Unakumbuka nilivyofika hapa kwako Mwananyamala, karatasi ya talaka moja nimeikunja kifuani. Kosa langu eti nimemsuka jirani mara moja. "Mke wangu hashiki vichwa vya watu." Ukaisoma, ukacheka puani, ukanipa kipande cha mkaa. "Kila ukitwaharika, damu ya mwezi ikikatika, chora mstari nyuma ya mlango. Kabla ya mitatu, akisema tu amekurejea, wewe mkewe. Ikitimia mitatu, mpaka akuoe upya, na mpaka wewe utake. Eda ni yako, mwanangu. Ihesabu mwenyewe."

Mstari wa kwanza niliuchora wewe umesimama pembeni ukinitazama. Wa pili nilichora peke yangu, udongo wa kaburi lako haujakauka.

Nikwambie ukweli, kwa kuwa sasa huwezi kunifinya: mwezi ule angekuja, ningerudi. Ningerudi mbio, bila viatu! Kila alasiri nachungulia dirishani, mjinga mie, nikisikia mwanamume kakohoa moyo unaruka.

Lakini wateja wako waliendelea kuja, Shangazi. Wengine hata hawakujua kama umefariki. Wanakaa kwenye kigoda chako, wanafungua kitambaa, wanangoja. Nitawafukuzaje? Nikaanza na Mama Zuhura, akataka mtindo wa twende kilioni. Nikasuka huku nalia, na mikono ikakumbuka yenyewe. Sasa hivi hata nafasi ya kula sina! Siku hizi kila kitu ruksa, wanakuja na rasta za dukani ndefu mpaka kiunoni, nasuka toka asubuhi vidole vinawaka moto, na naimba. Kwa Bakari nilikuwaga siimbi. Mstari wa tatu nilikumbuka kuuchora siku mbili baadaye, kwa kazi zilivyonizidi.

Haya. Jana alasiri, Mama Zuhura yuko chumbani kwenye kigoda, kichwa nusu, mara hodi. Bakari, baba yake mdogo, na mwalimu wa madrasa. Nikawatandikia mkeka barazani, Mama Zuhura nikamwacha nyuma ya pazia. Bakari kakonda. Moyo ulinipiga, sikufichi. Akakohoa, akasema, "Nimemrejea mke wangu. Avae, twende."

Avae, twende! Utadhani mzigo alioacha stendi.

Mwalimu akaniuliza nimetwaharika mara ngapi. Tatu, nikamjibu, na ya mwisho ina wiki tano. Akamgeukia Bakari. "Bwana, eda imekwisha."

"Haijaisha!" Bakari akadakia. "Miezi minne na siku kumi, zimebaki wiki tatu. Nimehesabu kila siku!"

Mwalimu akavua kofia, akajikuna kichwa. "Hiyo eda ya aliyefiwa na mume. Wewe umekufa lini?"

Shangazi wee! Nyuma ya pazia Mama Zuhura akaangua kicheko. Mie nikafuata. Nilicheka mpaka mtandio ukadondoka, baba mdogo mwenyewe mabega yanamcheza. Bakari peke yake hakucheka, kainamia mkeka, na nilipomwona hivyo nikanyamaza. Alikuwa amehesabu kweli, masikini. Kila siku. Hilo liliniuma.

Mwalimu akasema basi, labda ndoa mpya, kama nitaridhia. Akanitazama. "Unataka?"

Hajapata mtu kuniuliza, Shangazi. Mara ya kwanza waliulizana wazee, mie nikaambiwa siku ya harusi. Nampenda bado kidogo, usinune. Lakini nikaifikiria mikono yangu ilivyokaa tu mapajani miaka yote ile nyumbani kwake, nikasema, "Sitaki."

Bakari akavaa viatu polepole. Pale ukingoni mwa baraza akageuka, akaniuliza, tena anauliza kweli kabisa, "Sasa mie nifanyeje?"

"Kaa eda," nikamwambia. "Kuhesabu si unajua?"

Ilikuwa kejeli, lakini kidogo tu. Nikarudi ndani, nikammalizia Mama Zuhura. Upande wa kushoto umepinda vibaya na hajalalamika.

Nakuaga, Shangazi, wateja wawili wako barazani wananingoja. Ijumaa nakuja kukupalilia majani na kukuombea dua. Na ahadi yangu ni hii: atakayenitaka tena, aniulize mie kwanza, kabla ya wazee, kabla ya mwalimu. Yupo fundi redio hapo ng'ambo ya barabara, leo keshanisalimia mara tatu na haijafika hata adhuhuri! Sijui nitamjibu nini akiuliza. Sijui kabisa, na raha niliyonayo kwa kutokujua huko, laiti ungeiona.

Mwanao,
Siwema