Kuanguka kwa Emil Sudik kwenye Treni ya Mbao

KITUO CHA POLISI, ZIWA HARLAN, PENNSYLVANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Verna Sudik. Umri: miaka 36. Kazi: mshonaji, kiwanda cha mashati. Makazi: Dunmoor.

Mnamo tarehe 9 Agosti 1953, Jumapili, baada ya misa, mimi na mume wangu Emil tulikwenda kwenye bustani ya michezo hapa ziwani. Emil alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mwezi Machi paa la mgodi liliwaangukia, na wenzake wawili wakafa karibu naye gizani kabla hajafukuliwa. Tangu hapo alikuwa mtu wa kukaa kimya. Siku hiyo ni yeye aliyesema twende tukapande treni ya mbao, ile ya mchezo inayopanda na kushuka kwa kasi vilima vilivyojengwa kwa mbao, maana ndimo alimoniomba tuoane.

Mwendeshaji, Bwana Orville Teague, alitushushia chuma cha mapajani, akakijaribu tena kuona kimebana. Akamwambia Emil, "Shika kofia, bwana. Ziwa lina kofia nyingi kukuzidi." Emil akacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Mwaka huu wameongeza handaki kabla ya mlima wa kwanza. Hatukujua. Tulipoingia gizani mbao zikaanza kulia juu yetu. Emil akanishika bega. "Verna, toka. Paa linashuka."

Nikamwambia, "Ni mbao tu. Tunatoka sasa hivi."

Tulipotokea juani nilidhani atatulia. Treni ilikuwa inavutwa na mnyororo kupanda mlima, mwendo wa mtu anayetembea. Chuma ni kimoja kwa watu wawili. Kilizuiliwa na mapaja yangu, kikamwachia Emil nafasi, maana alikuwa amekonda sana. Alijichomoa chini yake, akasimama kwenye ubao wanaopitia mafundi kando ya reli. Nilipiga kelele wasimamishe. Alitembea sambamba nami, amenyoosha mkono. "Nipe mkono, mke wangu. Usichukue kitu, njoo tu."

Nilimshika nikamvuta ndani. Yeye alikuwa ananivuta nje. Mkono wake ulikuwa na jasho, ukaniponyoka. Akarudi nyuma, na nyuma yake hapakuwa na kitu.

Nimesikia mmemweka ndani Bwana Teague. Chuma alikifunga, na treni aliisimamisha mara aliposikia. Afisa ameniuliza kama mume wangu alitaka kufa, kwa kuwa padre naye anauliza kabla ya kukubali kumzika. Hakutaka. Alikuwa ananitoa mgodini.

Sina la kuongeza. Niliyosema ni kweli, na natia sahihi kwa hiari yangu.

(Sahihi) V. Sudik

Dokezo la afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake. Ameomba neno "akajirusha", nililoliandika mimi, lifutwe na kuandikwa "akarudi nyuma". Nimelifuta.
Sajini H. Lindqvist