Alichoniambia Kaka

Tarehe 4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na macho bado yanakuruhusu kusoma bila kumwita jirani. Mimi mwili mzima, roho ndiyo imechoka.

Uliniuliza hii kazi ya ushauri nasaha ikoje. Nimepangiwa mafunzo ya vitendo kwenye zahanati, katika chumba kilichokuwa stoo ya mafagio. Kina viti viwili na ukuta mwembamba kiasi kwamba nikikohoa, mpima damu wa chumba cha pili ananipa pole. Watu wanakuja wakitaka vidonge. Nikiwaambia hapa tunazungumza tu, wananitazama kama nimewatapeli. Mmoja aliniuliza, "Sasa wewe kazi yako nini hasa?" Nikababaika.

Msimamizi wangu naye hajanisifu hata siku moja. Juzi mteja alilia, nikamwambia anyamaze, mambo yatakaa sawa. Alipotoka, msimamizi akaniuliza nani kaniambia yatakaa sawa. Akasema nilimnyamazisha kwa sababu machozi yake yalinitisha mimi. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli. Habari za mteja mwenyewe siwezi kukuandikia, hilo nalo ni sharti la kazi.

Msalimie kaka.

Binti yako


Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, nimeuzoea. Simu usinipigie, unajua masikio yangu yaliishia kwenye misumeno ya kiwanda cha mbao. Barua angalau hazinipigii makelele.

Kaka yako hayuko sawa, na sasa nimechoka kukuficha. Tangu mwenzake wa kazini anaswe na umeme akafa, mwezi Novemba, hajashika bisibisi. Anashinda kwenye kile kiti cha marehemu mama yako, mikono mapajani. Chai anaiacha mpaka inaganda utando. Nikimwuliza, anasema hakuna kitu. Nimemgombeza, nimembembeleza, nimemwitia rafiki zake. Aliwaaga kabla hawajakaa.

Wewe unafundishwa kuzungumza na watu wasiokuhusu ndewe wala sikio. Njoo basi uzungumze na damu yako.

Baba yako


Tarehe 27 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimeshika tama.

Usidhani najidai. Mshauri hamshauri ndugu yake, hilo ni jambo la kwanza tulilofundishwa. Nikikaa mbele ya kaka kama mshauri, nitataka apone haraka ili wewe utulie na mimi niwe na amani. Yeye naye atanificha mengi, maana tunakula meza moja. Naweza kuja kama dada, nikae naye, nimpikie. Zaidi ya hapo nitaharibu.

Hospitali ya hapo kwenu ina mshauri, mama mtu mzima, msimamizi wangu anamfahamu na anamwamini. Nimeandika siku zake na namba ya chumba kwenye kikaratasi hiki. Mpe kaka mkononi. Usimlazimishe.

Binti yako


Tarehe 10 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima.

Kikaratasi chako nimekitia kabatini. Simpeleki mwanangu akaanike mambo ya nyumba hii kwa mtu baki wakati nina binti anayesomea kazi hiyohiyo. Ungekuwa muuguzi, ungenipita nikivuja damu mlangoni kwa kuwa mimi ni baba yako? Kama kuna kanuni inayokukataza kuja kwenu, basi usiniandikie tena habari zake.

Baba yako


Tarehe 14 Aprili

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama. Leo siku ya kumi na mbili tangu nikusindikize stendi, na kaka yako hayupo nyumbani.

Ulichoniambia pale stendi kilinikaa kifuani kama jiwe. Kwamba ni yeye aliyewasha swichi kuu, akidhani mwenzake ameshashuka ngazi. Miezi yote ile watu wanasema marehemu alizembea, na mwanangu amenyamaza. Nilivumilia siku tatu. Ya nne nikamwambia aende kwa mjane akaseme kweli. Nilidhani nasema taratibu, lakini mimi na taratibu tulishaachana. Nyumba ya pili walisikia.

Hakubisha. Aliniuliza tu, "Amekuambia?" Kisha akakusanya nguo, akaondoka.

Nimekosa nini? Baba asijue ya mwanawe?

Baba yako


Tarehe 22 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hali yangu sitaieleza.

Nilikuja kwa sababu ya ile barua yako ya Machi. Nilijiambia nakuja kama dada. Lakini Jumamosi ile, tulipokaa na kaka kwenye ngazi ya nyuma, aliniambia neno moja tu la ajali na mimi nikageuka mshauri. Nikakaa nilivyofundishwa, nikanyamaza nilivyofundishwa, nikarudia maneno yake kwa upole. Baba, nilijiona hodari. Alisema kwa saa nzima. Mwishoni akaniuliza, "Haya umeyasikia kama dada au kama kazi?" Nikamjibu yote mawili. Akasema, "Basi yaishie hapa." Nikaitikia.

Kesho yake ukaushika mkoba wangu stendi, ukakataa kuniachia mpaka nikuambie. Ulikuwa unalia. Sikuwa nimekuona ukilia tangu tumzike mama. Nikasema.

Nimemweleza msimamizi kila kitu. Kwanza aliuliza kama kaka amewahi kutamka kutaka kujidhuru. Nikasema hapana. Angekuwa ametamka, alisema, hapo ningekuwa na sababu ya kumwambia mtu. Akauliza tena, "Sasa uliisema siri kwa ajili ya nani?" Nikamwambia, kwa ajili ya baba. Akatikisa kichwa, akangoja. Ilibidi niseme mwenyewe kwamba ni mimi niliyeshindwa kuvumilia kukuona unalia.

Ameniondoa kwenye kile chumba kwa miezi miwili. Napanga mafaili. Wenzangu wanafikiri naumwa.

Nimemwandikia kaka kupitia fundi mwenzake. Barua imerudi haijafunguliwa. Nina hasira na wewe, baba, sikufichi. Na yeye pia, kwa kunikabidhi kitu kizito hivyo. Lakini ninayemkasirikia kuliko wote ni mimi mwenyewe, ninayelala naye kitanda kimoja kila siku.

Mtafute. Ukimpata, usimhubirie. Mpe kile kikaratasi.

Binti yako


Tarehe 30 Agosti

Mwanangu,

Nimekaa kimya muda mrefu. Si kwa kununa. Sikuwa na la kuandika ambalo lingekusaidia. Najua umerudishwa kwenye kazi yako, na nimefurahi.

Kaka yako nilimpata siku ya tisa ya kumtafuta, kwenye karakana ya mchomeleaji mmoja, akilala juu ya maboksi. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani. Nilipomwona yote yaliniishia. Nikampa kikaratasi. Alikisoma, akakitia mfukoni mwa shati, akaendelea kufagia. Nikarudi nyumbani.

Wiki tatu baadaye alikwenda hospitali mwenyewe. Sasa anakwenda kila Jumatano, na siku hizi ananiruhusu tufuatane. Mimi nakaa kwenye benchi nje. Siku ya kwanza nilimngoja yule mama atoke nikamwuliza kijana anasema nini. Alipoona sisikii, ikabidi apaze sauti mbele ya foleni nzima kwamba hawezi kuniambia, na hataniambia hata nikija na mashahidi. Watu walicheka. Mimi pia. Kisha nikakaa nikafikiri kwamba jibu hilohilo ulitaka kunipa wewe, nami nikashika mkoba.

Mwezi wa saba alikwenda kwa mjane, peke yake. Walizungumza nini sijui. Alirudi amelowa jasho, akaoga, akala chakula chote. Wiki iliyofuata wakuu wa kazi walimwita, akawaeleza na wao. Hawajaamua watamfanya nini. Bisibisi bado hajaigusa.

Nilimwambia mimi ndiye niliyekusukuma. Akaniuliza, "Ulimsukuma, sawa, lakini mdomo ulikuwa wa nani?" Jibu lake sitaki unitafutie.

Barua zako za Mei na Juni nilimsomea. Nikifika kwenye salamu anainuka, anatoka.

Usije kwa sasa, na usimwandikie. Haya si maneno yangu, wala si ya yule mama wa hospitali. Jana kaka yako alikuja mwenyewe jikoni, akaniomba nikuandikie hivyo. Alikutaja kwa jina. Tangu Aprili hakuwa amelitamka.

Baba yako