Nimemupisha papa mukwe na kifaru ya vita

Fanny weye! Fungua simu! Ile muchezo wa vifaru wa ku simu ulinifundisha, leo imeniua haya.

Si ulisema mwanzoni nifuate kifaru kubwa ya timu yetu, nisiigonge nyuma? Nikaigonga. Mwenye kuiendesha akalalamika mu ekutere, ndani ya masikio yangu: "Weye wa nyuma, unanisukuma!" Nikamujibu: "Songa basi, muzee wa polepole!"

Akakohoa.

Fanny, ile kikohozi naijua. Ni papa mukwe! Papa Lucien, ule hata usoni simutazamaka! Ule alikataa nirudie masomo ya jioni, eti njia haijatulia bado, eti nani atabaki na mutoto.

Sasa miye nikafanya nini? NIKAMUPISHA. Na kifaru! "Pole papa, pita papa," narudi kinyumenyume kwa heshima mpaka ndani ya mto. Timu yote inanitukana.

Halafu nasikia papa ananiita na jina ya mutoto wangu: "Mama Alliance? Toka mu maji. Huku hakuna mukwe, huku kuna adui."

Nikatoka mu maji.

"Na mama mukwe wako asijue. Yeye anajua niko ku kwaya."

Sijui nilitoa wapi ujasiri. "Papa, masomo inaanza siku ya lundi."

Kikohozi tena.

"Mutoto umulete kwangu mapema. Na njiani nitakusindikiza."