Skuta Yako Siku za Jumapili

Kwako dada mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kifua bado kinakusumbua wakati wa baridi? Sisi hatujambo, ila mama analalamikia magoti. Naandika kwa anwani ileile ya zamani kwa kuwa simu yako haipatikani.

Nimemaliza shule. Kazi bado, nikienda kuomba, naishia kusalimia na kurudi nyumbani, unanijua. Kwa sasa kazi yangu ni kuitunza skuta yako.

Siku hizi kuna huduma ya simu: mwenye skuta anaiandikisha, asiye nayo anaikodi kwa saa chache, kisha anairudisha. Fundi cherehani jirani yetu aliandikisha yake, akamshawishi na mama. Mama akamjibu kuwa skuta ya mtu ni kama mswaki, haiazimwi, tena mwenyewe yu njiani anarudi. Fundi akacheka, akasema basi mswaki huo umeshaota kutu.

Baadaye mama alilegea, ila kwa sharti. Huduma humruhusu mwenye chombo kufunga siku anazokihitaji mwenyewe. Mama akaniagiza nifunge Jumapili zote, maana uliaga ukisema utarudi Jumapili. Basi kila Jumapili niliifuta vumbi, nikaijaza mafuta, nikaisimamisha mlangoni ikitazama barabara. Wateja walinung'unika kwamba ndiyo siku wanayoihitaji zaidi. Mama akasema wanune wapasuke, mwenyewe ana haki yake.

Juzi, tukikunja nguo, mama akasema bila kuinua uso kwamba nifungue na Jumapili. Nikamuuliza, je, dada akija? Akasema ukija utapanda gari kama wageni wengine. Kisha akaendelea kukunja shuka lilelile alilokwisha kulikunja.

Nikachukua simu, nikajifanya nabonyeza. Dada, hapakuwa na cha kubonyeza. Jumapili nilikuwa nimeshazifungua mimi mwenyewe siku chache kabla, bila kumwambia mtu. Sikutumwa na tamaa wala fundi. Nilichoka kuiona pale mlangoni. Mama hajui, na mimi sina ujasiri wa kumwambia kwamba nilitangulia.

Leo ni Jumapili. Asubuhi alikuja mwanamke mmoja, nesi, akaichukua. Mama alimkabidhi ufunguo na helmeti yako, akamwambia aende salama. Hakumuuliza atarudi saa ngapi.

Mama anakusalimu, ingawa leo hakunituma salamu. Fundi naye anakusalimu. Jitunze kifua.

Ni mimi mdogo wako,
Kimya