Kadzo Kwenye Kompyuta ya Kazini

Mama yangu,

Shikamoo. Kwanza niwie radhi. Niliahidi kuandika mkiwa mnapanda mahindi, na sasa nasikia mmeshavuna. Si kwamba nilikusahau. Goti lako linaendeleaje? Na Baba, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, uchovu tu.

Simu zimenishinda. Kila nikikupigia, kengele ya kazini inalia katikati, nakata kabla sijasema la maana. Na ukweli mwingine, Mama, kwenye simu sauti yako hunilegeza. Kwenye karatasi nitasema mpaka mwisho.

Unajua kazi yangu hapa Junju ni kutunza kalenda za nyumba za wageni. Mgeni akishika nyumba kwenye mtandao mmoja, naifunga kwenye mingine, wasije wakaipata wawili. Ni kubonyeza kutwa. Sasa bosi wangu, Bwana Festus, ameleta programu ya akili bandia ya kufanya kazi hiyo. Inaona kioo cha kompyuta kama mimi, inasogeza mshale yenyewe, inabonyeza yenyewe. Akaniambia, "Dama, wewe sasa utakula raha."

Ili ijifunze, iliwashwa initazame nikifanya kazi kama kila siku. Nami kila siku, kabla ya chochote, hufungua picha ya Kadzo, ile ya meno mawili, nikamwangalia kidogo, nikaifunga. Siku ile mkono ulienda huko wenyewe. Programu ikadhani ndiyo kazi inavyoanza. Mpaka leo, kila ikigeukia nyumba nyingine, inamfungua mwanangu kwanza, inangoja, inamfunga, ndipo inaenda kwenye kalenda. Na nyumba ni kumi na nane.

Bwana Festus alipoona akauliza, "Huyu mtoto anahusiana nini na nyumba?"

"Ni wangu."

"Mtoe."

Nikasema nitamtoa. Sijamtoa.

Raha yenyewe haikuja. Mwanzoni kabisa programu iliwapa watu wawili nyumba moja, wakakutana langoni na mabegi, watoto wameshavaa nguo za kuogelea. Tangu hapo ni amri: kabla ya kufunga au kufungua tarehe yoyote ipige kengele, nami nibonyeze "Ruhusu". Nikichelewa dakika mbili inaacha kila kitu, tunaanza upya. Zamani nilikuwa namaliza mapema nikapata saa yangu ya kukaa nje. Sasa sifanyi kitu, na siwezi kuinuka. Hata chooni naenda mbio. Mwaka, anayefagia ofisi, hunicheka: "Mwenzangu, kompyuta imekuoa. Hata kwenu haikuruhusu kwenda." Tulicheka sote, lakini lilinigusa.

Kwa sababu nimeomba, Mama. Niliomba Jumapili moja tu, nije Marafa nimchukue Kadzo. Bwana Festus akasema, "Na Ruhusu atabonyeza nani?" Nikamwambia Mwaka anaweza, nimeshamwonyesha. Akasema hiyo si kazi ya kumwachia mfagiaji. Mwaka alikuwa palepale, ufagio mkononi. Nikienda bila ruhusa sitakuta kazi, na bila kazi nitamlea na nini?

Binamu Riziki ananiambia Kadzo sasa anasema maneno kamili, na ni wewe anayekuita Mama. Nilipokuuliza ulinijibu, "Mwache mtoto, ameshazoea." Sikulaumu. Baba yake alipotuacha ni wewe uliyetupokea, na kila ninapokula hapa nakukumbuka kwa hilo. Lakini tulikubaliana ni mpaka nipate kazi. Kazi nimepata. Huyu wa kwenye kioo ana meno mawili siku zote, hakui. Anayekua yuko huko, na hanijui.

Kama mimi siwezi kuja, aje yeye. Nyumba ya pili kutoka hapa kuna mwalimu wa chekechea, na kutoka kwenye kiti changu ninauona ua wake wote. Nimeshazungumza naye, atakaa na Kadzo nikiwa kazini. Riziki aliyekuletea barua hii anarudi huku Jumamosi, aje na mtoto. Usiniambie tungoje Krismasi. Utalia, najua, nami nimelia hapa kati ya kengele na kengele. Goti likikupa nafasi, uje ukae nasi hata mwezi.

Akifika, nitamtoa kwenye programu kama nilivyoamriwa.

Nisalimie Baba. Nisalimie shangazi Sidi, asuke makuti polepole na mgongo wake ule. Na mdogo wangu Kahindi anayekusomea, asiruke maneno.

Ni mimi mwanao,
Dama

Ninavyohitaji bado:

Cheti cha kuzaliwa, kiko kwenye sanduku lako, chini ya nguo za kanisani.

Kadi ya kliniki.

Leso ya njano anayolalia. Usiifue, ije na harufu ya kwenu, asishtuke usiku wa kwanza.

Kadzo. Viatu msimnunulie. Sijui mguu wake umefika wapi, nataka nimpime mwenyewe.