Si Pombe, Mama

Ujiji, 3 Machi 2024

Shikamoo Mama,

Habari za Usangi, na goti lako linasemaje na mvua hizi? Mimi sijalala kitandani, ila nina neno, na kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Tumbo lilinisumbua upande wa kulia, nikaenda kupigwa picha. Daktari Honorata anasema ini langu lina mafuta mengi. Akaniuliza ninavyoishi. Nikamweleza kwamba ofisini nakaa kwenye kompyuta asubuhi mpaka jioni, chapati na soda naletewa mezani, na bodaboda inanitoa mlangoni na kunirudisha mlangoni hapa kwa Bi Mwasiti nilikopanga. Akasema chanzo ndicho hicho. Nikiliacha linaweza kuharibika kabisa, nikiwahi, litapona.

Si pombe, Mama. Sijaionja.

Mwanao,
Herman

Usangi, 12 Machi 2024

Mwanangu Herman,

Marahaba. Goti linavumilika. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Baba yako naye aliniambia si pombe. Aliniambia hivyo mpaka macho yakawa ya manjano, mpaka tumbo likajaa maji. Sikugombezi, baba. Agnesi wa dukani anakuja Kigoma kwa dada yake. Nimempa chupa ya mizizi ya kusafisha ini. Inywe yote.

Mama yako

Ujiji, 30 Machi 2024

Shikamoo Mama,

Natumaini mmeamka salama huko nyumbani. Agnesi amefika na mzigo nimeupokea. Usichukie, dawa yako sijainywa. Daktari anasema ini ndilo linalochuja kila tunachomeza, na mizizi mingine huliumiza zaidi. Ameniambia niache soda, nisiguse pombe, nipunguze mwili polepole, nitembee.

Siku hizi jioni nashuka bodaboda njiani, namalizia kwa miguu mpaka Ujiji. Ofisini maji nakwenda kuchota mwenyewe. Adolf wa meza ya pili alinicheka wiki nzima, sasa tunakwenda wote. Bi Mwasiti samaki wangu wa mgebuka ananichomea, hakaangi tena, na mchicha anaujaza sahani nzima kama analisha mbuzi.

Nijibu, Mama.

Mwanao,
Herman

Ujiji, 19 Mei 2024

Shikamoo Mama,

Hujambo? Nikipiga unasema uko shambani, hata usiku. Sijui nikuoneshe nini ili uniamini. Njoo ukae na mimi. Bi Mwasiti ana chumba.

Mwanao

Usangi, 8 Julai 2024

Mwanangu Herman,

Nimefika nyumbani salama kutoka kwako, ingawa treni imenivimbisha goti. Msalimie Bi Mwasiti. Mwambie dagaa wake wamekwisha kabla sijafungua begi vizuri, majirani wamenivamia.

Nina jambo la kukueleza. Siku ya kwanza ulipokwenda kazini niliinua godoro lako. Nikatazama nyuma ya ndoo, nikatia mkono ndani ya viatu vyako vya mvua, maana humo ndimo baba yako alikuwa akificha. Nilikuta soksi. Nikakaa sakafuni na soksi zako mkononi, nikalia mpaka Bi Mwasiti akagonga mlango. Alinipa chai.

Na kule kwa daktari, aliposema mafuta yamepungua, hukumtazama yeye, ulinitazama mimi. Nimeona haya njia nzima mpaka nyumbani. Nisamehe, baba.

Mama yako

Ujiji, 15 Julai 2024

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Likande kwa maji ya moto, na nenda ukapimwe, nawe usinikatalie.

Nilijua. Jioni ile nilikuta shuka limechomekwa pembe zote kama unavyotandika wewe, na viatu vya mvua vimesimama sawasawa. Sikuona vibaya. Wewe ndiye uliyemuuguza baba peke yako, mimi nikiwa shule ya bweni.

Lile kabati la ukutani huwa nalifunga na kuondoka na ufunguo. Kesho yake niliuacha kwenye mlango wa kabati, nikaenda kazini. Kutwa nzima nilikuwa mezani naomba upekue kote, usibakize hata mahali pamoja.

Mwanao,
Herman